Mkono wa Kupimia Maji ya Mtoto

Tulikuwa tumeahidi kuandika juu ya watoto wanaochelewa kusoma, lakini hilo litangoja. Juma lililopita, baada ya mkutano wa akiba, mama mmoja kijana alituuliza nje ya mlango, kwa sauti ya chini: "Mama Mwalimu, maji ya kuogesha mtoto yanapaswa kuwa moto kiasi gani?" Aliuliza kama mtu anayeona haya, maana inafikiriwa kwamba kila mwanamke anazaliwa akijua jambo hilo. Sisi tuna watoto watatu na diploma ya ISP, na tulilijua vizuri pale tu lilipotuumiza. Kwa hiyo tunamjibu hapa, ili wengine nao wasikie.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka jana. Mtoto wetu wa tatu alikuwa na majuma matano. Tulikuwa kwenye likizo ya uzazi, lakini kopi za mtihani za darasa la nne zililetwa nyumbani, maana mwalimu aliyetushikia darasa alikuwa na madarasa mawili na asingeweza kusahihisha zote peke yake. Mama mkwe alikuwa amekuja kutusaidia tangu mtoto azaliwe. Ninyi mnajua mama mkwe wa namna hiyo: anaamka kabla ya jogoo, anafagia kiwanja, anawasha mbabula, na mtu ukiamka unakuta uji umeiva na nepi zimekwisha kufuliwa. Yeye alizaa watoto nane, watatu kati yao kwenye kambi ya Lugufu, ng'ambo ya Tanzania, wakati watu wetu walipokimbilia kule. Wajukuu wote aliwaogesha kwa mikono yake. Kumwambia yeye namna ya kupima maji ingekuwa kumfundisha mvuvi kukunja wavu.

Asubuhi ile kulikuwa na ubaridi wa kiangazi, ule upepo unaoshuka mlimani kabla jua halijachomoza. Mama mkwe alikuwa anasugua masufuria kwa maji ya moto, kwa sababu mafuta ya mawese ya jana yalikuwa yameganda. Sisi tulikuwa mezani na kopi. Mtoto akaanza kulia, na tukasema jambo ambalo mpaka leo tunalisikia masikioni: "Mama, fanya haraka, mtoto anapata baridi." Akaacha masufuria, akachukua beseni, akatia maji ya moto, akaongeza ya baridi, akaingiza mkono. Akasema, "Bado ni baridi haya." Akaongeza ya moto. Akaingiza mkono tena. Akaridhika.

Kilio cha mtoto aliyeungua si kile cha njaa. Kopi zilianguka chini zote. Miguu miwili, mpaka juu kidogo ya vifundo, ilikuwa imekuwa myekundu, na mguu wa kulia ulianza kutoa malengelenge tukiangalia.

Tuseme pia yaliyofuata, maana hapo nako tulikosa. Mama mkwe alikimbilia chupa ya mawese akampaka. Jirani alifika na dawa ya meno. Mwingine alisema yai. Sisi wenyewe, ambao kila mwaka tunafundisha somo la afya na usafi, tulisimama tu tukimshika mtoto na kulia pamoja naye. Tulipofika kwenye kituo cha afya, mganga, ambaye ni mama kama sisi, alianza kwa kuosha yale mafuta yote taratibu, na kila alipogusa mtoto alipiga kelele. Hakutugombeza. Alisema tu kwamba mafuta yanafungia moto ndani ya ngozi, na kwamba kitu cha kwanza, hata kabla ya kutoka nyumbani, ni maji safi ya baridi ya kawaida, si ya barafu, yamwagwe polepole juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Wakati huohuo mwili mwingine wa mtoto ufunikwe vizuri, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kupoa wote wakati unapoza mguu tu. Kisha kitambaa safi juu yake, bila kukaza, na njia ya kituo. Malengelenge hayapasuliwi. Mawese ni ya sombe, alisema, na dawa ya meno ni ya meno.

Mtoto alipona. Juma la tatu ngozi mpya ilikuwa imekuja, na leo amebaki na alama moja ndogo juu ya kidole gumba. Sasa anatembea, anakanyaga kila kitu. Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na mtu mwingine aliyeungua, na yule hakupona upesi.

Mama mkwe hakumgusa tena mtoto kwa maji. Alifagia, alipika, alifua, lakini saa ya kuogesha ikifika alitoka kwenda ziwani, hata kama bidoni zote zilikuwa zimejaa. Baba wa watoto alijaribu kusema naye. Alijibu neno moja tu: "Mkono wangu umekufa." Wengine kwenye kiwanja walianza kunong'ona kwamba amezeeka, kwamba haoni vizuri, kwamba mtoto asiachwe naye. Sisi tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa kama kukubali. Ndani ya moyo tulijua ni nani aliyesema "fanya haraka".

Hapa ndipo ualimu ulipotusaidia, na tunaomba mtuvumilie kidogo.

Mwezi wa tisa tulirudi darasani. Kuna jaribio ambalo tulilisoma zamani ISP, na hatukuwahi kulifanya kwa sababu mabeseni ya shule hayapatikani. Mwaka huo tulibeba ya nyumbani. Unaweka mabeseni matatu kwenye meza: la kushoto lina maji ya moto ambayo mtu anaweza kuyavumilia, la kulia lina maji ya baridi, la katikati lina maji ya vuguvugu. Mwanafunzi anatia mkono mmoja kwenye ya moto na mwingine kwenye ya baridi, anahesabu mpaka 60. Halafu anaingiza mikono yote miwili kwenye beseni la katikati. Unamwuliza: haya ni moto au ni baridi? Anabaki anakuangalia. Mkono uliotoka kwenye ya moto unamwambia ni baridi, uliotoka kwenye ya baridi unamwambia ni moto, na ni maji yaleyale, beseni lilelile. Darasa zima lilicheka, kila mmoja alitaka kujaribu, na somo la Kifaransa lililofuata halikufanyika siku ile (mkurugenzi akisoma haya, tunaomba radhi).

Sisi hatukucheka. Tulisimama pale mbele ya ubao na tukaona masufuria ya asubuhi ile. Mkono wa mama mkwe ulikuwa umetoka kwenye maji ya moto. Haukufa. Ulimwambia kile ambacho mkono wowote ungemwambia, hata wa binti wa miaka 20, hata wa mganga. Tena ni mkono uliopika bugali miaka 50, unaotoa sufuria kwenye mbabula bila kitambaa. Ngozi yake ni nene, haishtuki. Ngozi ya mtoto wa majuma matano ni nyembamba sana. Maji ya digrii 60 yanahitaji sekunde chache tu kumchoma vibaya hata mtu mzima, ya digrii 50 yanahitaji dakika chache, na mtoto mdogo anaungua mapema kuliko hapo. Tena hana namna ya kuvuta mguu wake.

Jioni ile tulibeba mabeseni nyumbani tukayapanga mbele ya mama mkwe. Hatukumweleza kitu. Tulisema tu, "Mama, tusaidie jambo la shule." Akatia mikono, akahesabu kwa Kibembe, akaihamisha katikati. Akanyamaza. Akairudisha, akahesabu tena. Akafanya mara tatu. Kisha akakaa kwenye kigoda na kusema, "Kumbe mkono unasema uongo." Tukamwambia, "Ndiyo Mama, na sisi ndio tuliouharakisha." Hilo ndilo tulilokuwa tunadaiwa tangu mwezi wa sita. Alilia kidogo, na sisi pia, na mtoto kati yetu alikuwa anapiga maji ya beseni la katikati kwa viganja.

Sasa tuje kwa maswali ya yule mama kijana.

Mwili wa mtoto mwenye afya uko kati ya digrii 36,5 na 37,5. Maji ya kumwogesha yawe hapo hapo au juu kidogo tu, 37 mpaka 38. Yaani maji mazuri ni yale ambayo ukiyagusa mahali panaposikia vizuri, hayakwambii kitu: si moto, si baridi. Mahali penyewe si kiganja. Ni kiwiko, au upande wa ndani wa mkono pale mapigo ya moyo yanapopiga. Ngozi ya pale ni laini na haijazoea sufuria. Na kabla ya kupima, kiwiko kiwe kikavu na kiwe hakijatoka kwenye maji mengine. Koroga kwanza, maana maji ya moto yanakaa juu na ya baridi chini, na ukipima juu juu tu unapata habari za upande mmoja. Zungusha mkono mpaka kwenye kingo za beseni.

Wengine watasema: si tununue kipimo? Sisi tuliomba kile cha kituo cha afya, kile cha kioo cha kupimia homa. Mganga alikataa na alikuwa na haki. Kipimo kile kinaishia kwenye digrii 42. Ukikitia kwenye maji ya moto kinaweza kupasuka, na ile dawa nyeupe inayong'aa ndani yake ni sumu. Vipo vipimo vya maji ya mtoto, madukani huko mijini, na mwenye ndugu safarini anaweza kuagiza. Sisi tuna kiwiko.

Lakini kuna hesabu moja inayosaidia kabla ya kiwiko, na tuliifanya na darasa la nne. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo maji hapa kwetu yanachemka karibu digrii 97, si 100 kama vitabu vinavyosema. (Kule juu Itombwe yanachemka mapema zaidi, ndiyo maana maharagwe yanawasumbua.) Tuseme maji yako ya baridi yana digrii 26, kama ziwa lilivyo siku nyingi. Kopo moja la maji yanayochemka na makopo matano ya baridi: 97 kujumlisha mara tano 26 ni 227; gawanya kwa 6, unapata karibu 38. Beseni lenyewe linakula joto kidogo, na unabaki pazuri. Moja kwa matano. Watoto wa darasa la nne waliimba hivyo njiani mpaka wamama wakatuuliza ni wimbo gani wa kanisa.

Ila hesabu hiyo si sheria ya milele. Maji yaliyolala nje kwenye bidoni usiku wa kiangazi yanaweza kushuka mpaka 20, na moja kwa matano itakupa karibu 33, ambayo ni baridi kwa mtoto mchanga. Hapo ni makopo mawili ya moto kwa saba ya baridi. Na sufuria iliyotolewa motoni wakati unatafuta sabuni na taulo haina tena 97. Kwa hiyo hesabu inakufikisha karibu na mlango, kiwiko ndicho kinachofungua. Mkipishana, msikilize kiwiko.

Jambo ambalo halibadiliki ni utaratibu: maji ya baridi yanaingia kwanza kwenye beseni, ya moto yanafuata. Siku zote. Ukianza na ya moto, kuna dakika ambayo beseni lenye maji ya kuchoma liko chini, na ndiyo dakika ambayo mtoto mkubwa anakuja mbio, au jirani anakuita, au wewe mwenyewe unasahau kama umekwisha kuchanganya. Na usiongeze maji ya moto mtoto akiwa ndani. Yakipoa, mtoe, mfunge, ongeza, koroga, pima upya. Ile sufuria nayo isiachwe juu ya mbabula katikati ya kiwanja ambako watoto wanacheza. Wengi wanaoungua hawakuwa wanaogeshwa, walikuwa wanapita.

Maji ya baridi yenyewe, kwa mtoto mchanga, tusichote ziwani na kumwaga moja kwa moja. Kolera tunaijua hapa Fizi na Uvira kuliko tunavyotaka kuijua, na mtoto anakunywa maji ya kuogea hata ukimkataza. Sisi tunachemsha jioni, wakati makala ya chakula bado yana moto, tunafunika kwenye bidoni safi, na asubuhi ndiyo yanakuwa maji yetu ya baridi. Hatununui makala mengine kwa ajili hiyo.

Tumesema sana juu ya moto, tuseme pia juu ya baridi, kwa sababu kuna wamama ambao wakisoma haya wataogopa na kuwaogesha watoto kwa maji ya ziwa. Mtoto mchanga hajui kujipasha moto. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja saa 24 baada ya kuzaliwa kabla ya kumwogesha mara ya kwanza. Apanguswe tu na kukaushwa, alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kichwa kifunikwe. Aliyezaliwa kabla ya wakati ndiye anayehitaji kifua zaidi. Njia hiyo ya kumbeba mtoto mdogo kifuani ilianza kutumika hospitalini mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, kwa sababu mashine za kuwatunzia watoto zilikuwa chache. Sisi ambao hatuna mashine kabisa tuna kifua. Na siku ya kuogesha, iwe mchana jua likiwa limetoka, mlango umefungwa, taulo liko tayari kabla ya maji. Kuoga kwenyewe ni dakika tano, si saa ya hadithi.

Neno moja juu ya maji ya mzazi. Tunajua desturi: mwanamke aliyejifungua anamwagiwa na kukandwa kwa maji ambayo kuku angenyonyoka. Bibi zetu walifanya kwa upendo, na joto la kiasi linatuliza mwili uliochoka, hatukatai. Lakini tumbo la mzazi ni ngozi pia, na aliyechanika au kushonwa hapaswi kukalia maji ya namna hiyo. Kiwiko kilekile, kipimo karibu kilekile. Mwanamke akisema "yanachoma", si kwamba anadeka.

Wakati mwingine tunafikiri juu ya rasi ya Banza, kule Ubwari, ambako watafiti walipiga mbizi na kukuta maji ya moto sana yakitoka kwenye miamba chini ya ziwa. Ziwa limeyachanganya yenyewe tangu zamani, na juu wavuvi wanaoga bila kujua. Sisi hatuna ziwa zima la kuchanganyia, tuna beseni la plastiki lenye ufa pembeni.

Yule mama kijana tulimwalika nyumbani siku ya pili, na hakumkuta Mama Mwalimu peke yake. Mama mkwe ndiye aliyekaa kwenye kigoda, sketi imekunjwa magotini, mkono wa nguo umepandishwa. Alimwambia binti, "Usinitazame usoni, tazama kiwiko." Akatia makopo matano, akahesabu moja moja kwa sauti, akaongeza la moto. Akakoroga. Kisha akangoja, akakausha kiwiko kwa kitenge, akakitumbukiza, na sisi sote tukanyamaza tukimngojea aseme.

"Ongeza nusu kopo la baridi," akasema.